Folda Yenye Jina Lake

Nilibadilisha jina la folda siku ya Jumanne asubuhi, na mpaka Alhamisi sikujua kwamba hapo ndipo nilipoharibu kila kitu.

Nilifanya hivyo kwa nia njema. Laptopu ya mume wangu ilikuwa juu ya meza ya chumba cha mbele, na kwenye skrini, chini ya picha ya folda ya manjano, kulikuwa na jina lake la nyumbani, lile alilopewa alipozaliwa. Kwetu mtu akishazikwa jina lake halitajwi hovyo. Wengi siku hizi wameacha kushika hilo, lakini mama mkwe wangu hajaacha. Nyumbani tunamwita kogo, yaani nyanya, kwa sababu ya binti yangu. Kogo husoma Biblia yake polepole kwa kidole, kwa hiyo herufi anazijua. Asubuhi hiyo alipita na ndoo ya maziwa, akaona skrini, akageuza uso kama mtu aliyepigwa na moshi. Nikangoja atoke, nikalifuta jina, nikaandika "kazi".

Hata mimi sikuwahi kulitamka. Alipokuwa hai nilimwita baba wa mtoto. Tulikaa miaka kumi na moja hivyo, na sikuona kwamba kuna kitu kinapungua.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuifungua ile laptopu tangu mazishi, wiki sita zilizokuwa zimepita. Kichwa kilimuuma siku mbili, ya tatu hakuamka, na kutoka hapo sikuweza kukaa chini. Watu walidhani nina nguvu kwa sababu sikulia. Sikuwa na nguvu. Nikikaa, miguu ilianza kutikisika yenyewe, kwa hiyo nilikuwa nasimama na kutafuta la kufanya. Laptopu nayo sikuifungua kwa kumkumbuka. Niliifungua kwa sababu ya chai.

Upande wetu, chini kidogo ya Sosiot, nyumba kumi na nne huchuniana majani kwa zamu. Leo tunaingia wote shamba la huyu, kesho la yule. Chai haingoji mtu. Kichaka kikishachunwa kinataka kurudiwa baada ya siku nane au tisa. Ukichelewa jani linakuwa gumu, na karani wa kituo cha kupimia chai hulimwaga pembeni mbele ya watu. Mume wangu alisomea kompyuta mwaka mmoja Kericho mjini, akarudi kulima. Alichoka kusikia kwamba kila anayepanga zamu anapendelea jamaa zake. Akaandika programu. Kila Jumapili mchana aliiambia ni mashamba yapi yamechunwa, nayo ikapanga wiki nzima na kutuma meseji kwenye simu za wote. Mwanzoni watu walinung'unika, halafu wakazoea. Jirani mmoja alipenda kusema, "Hii mashine haina shemeji. Tuiache ipange."

Baada ya mazishi mwenyekiti wa kikundi chetu alirudi kupanga zamu kwenye karatasi. Ni mama wa makamo ambaye wazazi wake walitoka Kisii kuja kuchuna kwenye mashamba makubwa, na hana ndugu hata mmoja kwenye kikundi. Hilo halikumsaidia. Wiki ya tatu walisema anapendelea nyumba za juu kwa sababu ziko karibu na barabara na hataki kuchafua viatu. Wiki ya tano wanawake wawili walivutana vikapu mbele ya kituo. Jumatatu ya wiki ya sita ikatangazwa kwamba Jumamosi saa nane mchana tutakutana, na kama hakuna zamu ambayo wote wataikubali, kikundi kigawanywe: nyumba za juu peke yao, za chini peke yao.

Sisi ni wa chini. Tuko nyumba nne tu, na kati ya watu wote wa nyumba hizo, wanaoweza kuchuna kutwa ni mimi na mwanamke mwingine mwenye mtoto mchanga mgongoni. Kikundi kikivunjika, chai ya kogo ingekomaa vichakani tukiiangalia. Ndiyo tunayoishi kwayo, kogo, binti yangu na mimi.

Nikamwambia mwenyekiti, "Nipe mpaka Jumamosi niiwashe ile programu."

Aliniangalia kwa huruma ambayo sikuipenda. "Wewe? Si uliachia shule kidato cha pili kama mimi?"

"Ndiyo."

"Haya. Mimi nitaendelea kutukanwa mpaka Jumamosi."

Mume wangu alikuwa ameacha daftari. Humo nilijifunza kwamba programu yake haikuwa kitu kimoja. Ilikuwa vipande vitatu, kila kimoja kwenye folda yake ndani ya ile folda kubwa. Kipande cha watu kilijua kila nyumba inaleta mikono mingapi, yaani wachunaji wangapi. Kipande cha siku kilijua kila shamba limekaa muda gani bila kuchunwa. Kipande cha tatu kilituma meseji. Juu yao kulikuwa na faili moja ndogo iliyoviita vyote vitatu na kuvifanyisha kazi pamoja. Kulikuwa na amri mbili, moja ya kukompaili na nyingine ya kuendesha. Vile vipande vilivyokuwa vimekwisha kukompailiwa alikuwa amevifuta siku chache kabla ya kuugua. Sijui kwa nini. Labda alitaka kuanza upya. Hakuniambia, na mimi sikuwa mtu wa kumuuliza mambo hayo. Akiwa kwenye mashine nilimwekea chai kando nikaondoka.

Jumatano niliinakili amri ya kwanza herufi kwa herufi, nikabonyeza. Mashine ikajaza skrini kwa Kiingereza. Nikapata kwamba nilisahau nafasi kati ya maneno mawili, nikarekebisha, nikabonyeza tena. Mistari ikapungua, lakini iliyobaki haikuondoka. Kila mmoja ulikuwa na jina la mume wangu, na baada ya jina, maneno ambayo Kiingereza changu kilitosha kuyaelewa. Yalisema haipo.

Nilitoka nje. Nilifagia uwanja ambao nilikuwa nimeufagia asubuhi. Nikamhamisha ng'ombe kutoka kwenye kivuli kumpeleka juani, halafu nikamwonea huruma nikamrudisha. Nikaingia ndani nikabonyeza amri ileile, kama kwamba mashine ingekuwa imebadilisha nia. Nilifanya hivyo mpaka jioni, natoka naingia, na kogo akaniuliza kama ninaharisha.

Alhamisi niliifunga laptopu kwa leso nikapanda nayo Sosiot kwa mwanamke mwenye saiba, duka la kompyuta na kopi. Familia yake ni Wakikuyu waliokuja na biashara ya duka zamani, lakini yeye alizaliwa hapohapo sokoni na Kipsigis chake ni kizuri kuliko cha binti yangu.

"Haiya, mama, karibu," akasema. "Leo ni kutoa kopi ama ni picha?"

"Ni hii mashine. Imekataa."

"Imekataa nini?"

"Kukompaili."

Alicheka mpaka mzee aliyekaa kupigwa picha ya kitambulisho akaharibu pozi lake. "Wee! Watu huniletea fomu za shule, wewe unaniletea kukompaili. Nilisoma hiyo kitu chuoni, sijaigusa tangu niolewe. Keti. Mzee, usitabasamu, hii ni ya serikali."

Nikamwambia kwanza anieleze kukompaili ni nini hasa, kwa sababu nilikuwa nimebonyeza siku nzima bila kujua ninaomba nini.

"Jani likitoka shambani linanyweka?"

"Mpaka lipite kiwandani."

"Eeh. Hii aliandika bwana yako ni jani. Wewe unaweza kulisoma, lakini mashine haiwezi kulinywa hivyo. Kukompaili ni kiwanda. Kuendesha, hapo sasa unamimina kwa kikombe."

"Na vipande vitatu?"

"Magunia matatu. Kila gunia lina lebo, imeandikwa limetoka kwa nani. Kiwanda kinasoma lebo kwanza." Alikuwa akisoma huku anasema, na kidole chake kikasimama kwenye skrini. "Sasa nani alibadilisha hii folda ikawa kazi?"

"Ni mimi."

"Mbona?"

"Lilikuwa jina lake."

Aliondoa mikono kwenye kibodi. Hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alinipa pole, akamlipisha mzee, akarudi kukaa.

"Nikwambie ukweli? Juu ya kila faili humu ndani ameliandika hilohilo. Faili inasema, mimi natoka boma la fulani. Mashine inaenda kutafuta boma la fulani, inapata boma linaitwa kazi. Inarudi mikono mitupu. Kwa hivyo ni mambo mawili tu. Ama ulirudishe nje, ama uliondoe ndani, kila mahali. Ukisahau moja tu, itakataa."

"Nitaliondoa ndani."

"Ni mengi, mama. Kuna njia ya kuyaondoa yote mara moja, wacha nikuonyeshe."

"Hapana," nikasema. "Nataka kuona ninachofuta."

Alinitazama, halafu akanionyesha jinsi ya kufungua faili, kufuta na kuhifadhi.

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri na hakuna aliyeingia shambani. Nikakaa mbele ya laptopu na kuanza. Nilifuta jina juu ya faili, nikaandika kazi. Nikashuka mistari michache, nikalikuta tena, nikafuta. Lakini ili kulipata ilibidi nisome, na nikisoma nilikutana na maelezo aliyojiandikia kwa Kiswahili katikati ya yale maandishi ya mashine. Mahali pamoja: "Kogo asihesabiwe siku ya kliniki." Mahali pengine: "Mama wa mtoto mchanga apewe mashamba ya karibu, mpaka mtoto atembee." Mahali pengine alikuwa ameandika kwamba jirani fulani asipangwe pamoja na jirani mwingine, na sababu yake ilikuwa kweli, nami nilidhani ni sisi wanawake tu tulioijua.

Sikuwa nimejua kwamba alikuwa akituangalia hivyo. Nilidhani anaangalia skrini.

Nikaendelea kufuta. Kila nilipohifadhi, jina lilipungua moja. Nilipomaliza kipande cha watu na kuingia cha siku, miguu ilianza tena kutikisika chini ya meza. Mara hii sikutoka nje kufagia. Nilikwenda mlangoni, ambako kogo alikuwa akichambua maharagwe kwenye ungo.

"Umekosana na hiyo mashine tangu asubuhi," akasema.

"Kogo, jina la mwanao limo ndani yake. Nikiliondoa lote itafanya kazi. Lakini nimechoka kuliondoa."

Alitupa haragwe bovu nje kwenye mvua, kisha lingine.

"Huita kwa sauti?"

"Hapana. Imeandikwa tu."

"Watu wataliona kwa simu?"

"Hawataliona. Liko ndani, ndiyo mashine ijue vipande vyote ni vya mtu mmoja."

"Sasa ni nani anaitwa?"

"Hakuna anayeitwa."

"Basi mbona unanisumbua? Lirudishe. Na usinisomee."

Nikarudi mezani. Niliibadilisha folda kwanza. Kisha nikapitia faili zote ambamo nilikuwa nimelifuta, nikaliandika jina mahali pake, nikilinganisha na mistari ambayo sikuwa nimeifikia ili nisikosee. Sikuwahi kuliandika kabla ya siku hiyo. Fomu zote za nyumbani alijaza mwenyewe. Mwanzoni nilitafuta herufi moja moja, na kufikia faili ya mwisho vidole vilikuwa vimelizoea, vinalipiga bila mimi kutazama.

Nikatoa amri ya kukompaili. Hakuna kilichotokea. Hapakuwa na Kiingereza wala lawama, mshale tu ulikuwa unapepesa. Nikadhani sasa nimeiua kabisa. Nikarudia. Ikanyamaza vilevile. Nikampigia mwanamke wa saiba.

"Imenyamaza," nikamwambia.

"Imeandika nini?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa? Ngai! Hiyo ndiyo nzuri, mama! Ikikubali haisemi kitu. Ikikasirika ndiyo inaongea. Sasa mimina!"

Nilitaka kumimina hapohapo, lakini tarehe za mashamba zilizokuwa kwenye mashine zilikuwa za wiki sita nyuma. Jumamosi asubuhi nilimwendea mwenyekiti, nikanakili kutoka kwenye karatasi zake tarehe ambayo kila shamba lilichunwa mara ya mwisho, nikarudi nikaiambia mashine. Halafu nikatoa amri ya pili. Orodha ikatoka, wiki nzima, siku baada ya siku. Nilisimama nikaisoma nikiwa wima.

Jumatatu ilikuwa nyumba yetu. Mbele ya nyumba yetu iliandikwa mikono mitatu.

Ilimhesabu mume wangu. Nyumba inayoleta mikono mingi kwa wengine hutangulia, ndivyo alivyopanga, na kwa mashine alikuwa bado anakwenda kuchuna. Shamba letu lilikuwa na siku tisa tayari. Jumatatu ingetuokoa. Na nitasema lililo kweli: nilikaa na orodha ile kwa muda mrefu. Nilijiambia kwamba ni yeye aliyetengeneza programu, kwa hiyo kikundi kinaweza kumpa wiki moja. Nilijiambia kwamba hakuna atakayejua. Hilo la pili lilikuwa kweli. Hakuna mtu aliyewahi kufungua kile kipande isipokuwa yeye na mimi.

Lakini ningeingia Jumanne shamba la mtu na mikono miwili, mmoja wao wa mwanamke mzee, baada ya wao kutuchunia kama watu watatu. Na mume wangu mwenyewe, aliyekumbuka hata kliniki ya mama yake, hangeandika hivyo.

Nilifungua kipande cha watu, nikatafuta nyumba yetu. Ilikuwa tarakimu moja tu. Nikafuta tatu nikaandika mbili, nikahifadhi, nikaendesha. Ikatoka mitatu tena. Nikaangalia kama nimehifadhi. Nilikuwa nimehifadhi. Nikaendesha tena, mitatu, na nikasikia hasira ambayo sikuwa nimeisikia tangu azikwe, nikapiga meza mpaka kikombe kikaruka. Ilinichukua muda kukumbuka kiwanda. Jani nilikuwa nimelibadilisha, lakini nilikuwa nikinywa chai ya jana. Nikakompaili upya. Ikanyamaza. Nikaendesha.

Mikono miwili. Nyumba yetu ikashuka mpaka Alhamisi.

Saa nane tulikutana kwenye uwanja wa mwenyekiti, watu kama ishirini kwenye mabenchi ya kanisa. Niliweka laptopu juu ya kiti. Yule jirani wa maneno mengi, ambaye shamba lake liko juu kabisa, hakungoja.

"Naona leo mashine imepata shemeji," akasema, na wachache wakacheka.

"Isome wewe mwenyewe," nikamwambia.

"Mimi macho yangu si ya kompyuta. Mwenyekiti asome."

Mwenyekiti alisoma kwa sauti, siku moja moja. Jumatatu ilimwangukia yule jirani. Alipofika Alhamisi alisimama, akarudi nyuma kwa kidole kuhakikisha.

"Nyumba yenu iko Alhamisi?"

"Ndiyo."

"Lakini yenu ilifaa kuchunwa kesho kutwa. Mpaka Alhamisi itakuwa siku kumi na nne."

"Mikono ni miwili," nikasema. "Zamani ilikuwa mitatu."

Yule jirani aliangalia kofia yake kama kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani. Nikatoa amri ya meseji, na simu zikaanza kulia mifukoni, moja, halafu nyingine, halafu nyingi. Watu wakazitoa kusoma yale ambayo wametoka kusomewa. Mwenyekiti akauliza nani anataka kikundi kigawanywe. Mwanamke mmoja wa juu akasema, "Tungoje tuone wiki mbili," na hapo ndipo mkutano ulipoishia. Hakuna aliyenishukuru na sikungoja.

Jumatatu nilichuna kwa yule jirani. Alhamisi wakaja kwetu wote, na yeye akawa wa kwanza kufika. Tulichuna haraka, lakini siku kumi na nne ni siku kumi na nne. Kituoni karani alizamisha mkono kwenye gunia letu la mwisho akatoa jani refu, akalipinda mpaka likavunjika.

"Hii ni chai ama ni kuni, mama?"

Akalikataa gunia zima. Nikalibeba mpaka nyumbani nikalimwaga kati ya mistari ya vichaka lioze. Kogo alisimama akiangalia.

"Ni kwa sababu ulimtoa," akasema.

"Ndiyo."

"Haya," akasema, akaenda kukamua.

Jumapili mchana mvua ya mawe ilipiga upande wa juu. Ilipita mlimani kama mstari, ikaacha mashamba sita bila jani, vijiti tu, na yetu ya chini haikuguswa. Mwenyekiti akapiga simu kabla haijaisha kuyeyuka.

"Huko juu hakuna cha kuchunwa kwa wiki tatu," akasema. "Hiyo mashine inajua mvua ya mawe?"

"Sijui. Wacha niangalie."

Nilifungua kipande cha siku nikakisoma kutoka juu mpaka chini, mara mbili. Alikuwa amefikiria kliniki, na watoto wachanga, na majirani wasioelewana. Mvua ya mawe hakuifikiria. Nikatafuta mahali ambapo ingefaa kukaa, nikaandika mistari mitatu yangu mwenyewe, nikakompaili. Ikajibu kwa Kiingereza kirefu. Nikavuta kiti karibu.